Dhambi ya Daudi na Daftari la Wagonjwa Mahututi

Anayesoma haraka sura ya 24 ya Samweli wa Pili huondoka na wazo kwamba Mungu hapendi watu wahesabiwe. Mfalme Daudi anaamuru sensa. Yoabu, jemadari ambaye kwa kawaida hasumbuliwi sana na dhamiri, anamsihi aache. Mfalme anakaza, kazi inachukua miezi tisa na siku ishirini, kisha tauni inashuka na watu 70,000 wanakufa. Kwa msomaji wa Shari, au wa mtaa mwingine wowote wa Bunia, kisa hiki hakiko mbali. Katika mkoa wetu wa Ituri, mashariki mwa Kongo, kuhesabiwa kumekuwa na harufu mbaya tangu zamani. Mbelgiji alihesabu watu apate kodi na mikono ya kazi, ikiwemo mikono ya kuchimba dhahabu ya Kilo na Moto. Tarehe 5 Septemba 2002 hospitali ya Kiinjili ya Nyankunde, mwendo wa kilomita arobaini na kitu kutoka Bunia, ilivamiwa; watu walitengwa kwa kabila, wagonjwa wakauawa vitandani mwao, na Human Rights Watch ilikadiria kwamba waliouawa siku ile na zilizofuata walizidi elfu moja. Kwa hiyo mtu anayefika katika nchi hii na kalamu na daftari, akauliza jina, kijiji na ukoo, hana budi kujieleza kwanza. Hofu hiyo ni kumbukumbu ya mambo yaliyotokea, wala haifai kuitwa ujinga.

Naanzia hapo kwa sababu swali ninalotaka kulijibu linaonekana kuwa la maabara tu, na kumbe mzizi wake uko katika imani na maadili. Je, tuna wajibu wa kuhesabu wagonjwa wanaoshambuliwa na bakteria sugu, hao ambao dawa haziwawezi tena, hata pale ambapo hesabu haitamfaa chochote aliyehesabiwa? Nasema tunao, tena kwa uzito wa deni. Ila wajibu huo una sharti, na sharti hilo likikosekana, Yoabu alikuwa na haki ya kumpinga bwana wake.

Tutazame kwanza kazi yenyewe. Chumba cha wagonjwa mahututi, au reanimasio kama wengi wanavyokiita huku, ndimo dawa kali kuliko zote zinamotumika, na ndimo mwili wa mgonjwa unamotobolewa zaidi: sindano ya mshipa, mpira wa mkojo, mrija wa chakula au wa hewa. Bakteria kama Klebsiella, Acinetobacter na Staphylococcus husafiri humo kutoka kitanda hadi kitanda kwa mikono ya wahudumu na vyombo vinavyoazimwa, na kwa kuwa karibu kila mgonjwa anatiwa antibiotiki, bakteria wanaobaki hai ni wale waliokwisha kupata njia ya kuishinda. Kuwafuatilia kunataka damu kidogo, mililita moja hadi tatu kwa mtoto mdogo, ichukuliwe kabla ya dawa ya kwanza na kutiwa katika chupa yenye mchuzi wa kuoteshea vimelea, kisha chupa iwekwe katika kabati la joto la nyuzi 35 hadi 37. Vikiota, fundi wa maabara huvipaka kwenye sahani, akapanga juu yake vipande vidogo vya karatasi vilivyoloweshwa dawa mbalimbali, akaviacha usiku kucha. Kesho yake hupima kwa rula upana wa duara ambamo bakteria wameshindwa kuota. Rula ya milimita, basi. Kinachotesa ni kabati la joto, kwa maana halivumilii umeme wa kukatikakatika, na mji ambao hupokea umeme wa Budana, mtambo uliojengwa juu ya mto Shari wakati wa ukoloni kwa ajili ya migodi ya dhahabu, hauhitaji kufundishwa maana ya giza la ghafla. Tangu chupa iingie kabatini hadi jibu litoke ni siku mbili kwa haraka, na mara nyingi ni tatu au nne.

Sasa weka siku hizo pembeni mwa kifo. Katika hospitali ya wilaya ya Kilifi, pwani ya Kenya, watafiti waliotesha damu ya watoto waliolazwa kati ya 1998 na 2002, watoto zaidi ya 19,000. Kati ya waliokutwa na bakteria katika damu, zaidi ya robo walikufa. Na kati ya waliokufa, karibu saba kwa kila kumi waliaga ndani ya siku mbili tangu kulazwa. Maana yake iko wazi: kwa wengi wa waliokuwa hatarini zaidi, jibu la maabara lilimkuta mtoto amekwisha kuzikwa, au kitanda chake kimekwisha kupata mgonjwa mwingine. Hapa ndipo linapozuka pingamizi zito kuliko yote. Mtoto amechomwa sindano, damu yake imechukuliwa, na faida inakwenda kwa mtu asiyemjua. Immanuel Kant alifundisha kwamba haifai kamwe kumtumia binadamu kama chombo tu cha kufikia haja za wengine, na bila Kant, bibi yeyote anayemlinda mjukuu wake hospitalini anaweza kuuliza vivyo hivyo: mnamtibu, au mnamsomea?

Sitaki kulikwepa swali hilo kwa kusema kwamba tone la damu ni kitu kidogo. Udogo wa kitu hauhalalishi kuchukuliwa kwake. Nalijibu kwa swali jingine: ile dawa ya kwanza, inayotiwa saa ya kwanza kabla jibu lolote halijatoka, imechaguliwa na nani? Mtoto mchanga mwenye homa na mwili uliolegea hupewa ampisilini pamoja na jentamisini, kwa kufuata mwongozo wa Shirika la Afya Duniani. Mwongozo huo haukushuka mlimani ukiwa umechorwa katika jiwe. Umetokana na watoto wengine, wa miji mingine, ambao damu yao ilioteshwa, ambao wengi wao walikufa, na ambao waliandikwa. Mgonjwa wa leo anapofunguliwa mshipa tayari anakula kutoka katika hesabu ya waliomtangulia. Kila mtu wa Kongo anaijua likelemba: mwanachama aliyepokea zamu yake ya kwanza hana ruhusa ya kukataa kuchangia ya pili, hata kama hatapokea tena. Mgonjwa mahututi ni mwanachama aliyepokea zamu ya kwanza. Damu inayochukuliwa ni mchango wake kwa wajao, na kwa sababu alikwisha kupokea, hajageuzwa chombo. Amewekwa katika mnyororo wa watu wanaodaiana.

Mnyororo huo una kasoro moja ambayo yafaa ituumize. Wagonjwa waliohesabiwa ili mwongozo upatikane si wagonjwa wetu. Klebsiella kwa maumbile yake haijali ampisilini. Ikiwa ndiyo iliyomshambulia mtoto, kazi yote inabaki mabegani mwa jentamisini, na kama jentamisini nayo imekwisha kushindwa katika wodi hiyo, mtoto anatiwa dawa mbili zisizofanya lolote huku daftari likionyesha kwamba ametibiwa. Gharama ya hali hiyo imepimwa karibu na kwetu. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti uliofanywa katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, kwa watoto 1,828 waliolazwa wakiwa na dalili za maambukizi mwilini. Kati ya waliokuwa na bakteria wa kundi la Gramu hasi, ambamo Klebsiella imo, katika damu, 43.5 kwa mia walikufa. Kati ya wenye malaria, 20.2 kwa mia. Na kutibiwa kwa dawa ambayo bakteria husika alikuwa sugu kwayo kulikuwa miongoni mwa mambo yaliyotabiri kifo. Malaria, ambayo kila mzazi wa Shari anaijua kwa jina na kuiogopa, iliua chini ya nusu ya kiwango cha ugonjwa ambao wazazi wengi hawajawahi kuusikia. Jina lenyewe la muuaji linajulikana kwa kuhesabu tu; bila hesabu, vifo hivi huandikwa homa, au upungufu wa damu, au haviandikwi kabisa.

Turudi kwa Daudi. Sensa yake ilihesabu nini? Wanaume wenye kushika upanga. Wanawake hawamo, watoto hawamo, wagonjwa hawamo. Namba ilipanda kwenda kwa mfalme ikakaa huko, na hakuna aliyehesabiwa aliyepata kitu. Lakini Biblia hiyohiyo inajua hesabu za namna nyingine. Katika Kutoka sura ya 30 kila anayehesabiwa anatoa nusu shekeli, tajiri asizidishe na maskini asipunguze, makusudi tauni isiwapate: hapo vichwa vyote vina bei moja. Na katika kitabu cha Hesabu, mara tu baada ya tauni iliyoua watu 24,000, Mungu mwenyewe anamwagiza Musa awahesabu watu upya, kwa kuwa kuna nchi ya kugawanywa na kila jamaa ipate sehemu yake. Kwa hiyo Maandiko yanaijua hesabu inayotangulia tauni kama dhambi, na yanaijua inayofuata tauni kama amri. Kinachozitenganisha, kadiri ninavyosoma mimi, ni njia inayofuatwa na namba baada ya kupatikana. Ya kwanza ilikusanywa kwa ajili ya mwenye nguvu, na ya pili ilirudi kwa waliohesabiwa kama urithi.

Ituri imeziona hesabu za namna zote mbili katika miaka michache. Mlipuko wa Ebola wa Agosti 2018 hadi Juni 2020, uliokumba Kivu Kaskazini, Ituri na kugusa Kivu Kusini, ulihesabiwa hadi mtu wa mwisho: wagonjwa 3,470, vifo 2,287. Kila mmoja alipewa namba, waliokaribiana naye wakaorodheshwa, vipimo vikajibiwa kwa saa badala ya siku. Ni kazi kubwa, na iliokoa watu. Lakini katika miaka hiyohiyo surua iliua zaidi ya watu 6,000 nchini, na dunia haikushtuka kwa kiasi hicho. Na mtoto aliyekufa kwa Klebsiella hospitalini hakuwa namba ya yeyote. Wananchi waliliona hilo. Waliposema kwamba Ebola ni biashara, ndani ya maneno hayo, pamoja na uvumi na uongo uliochanganyika humo, kulikuwa na hoja ya haki: mnahesabu kinachoweza kupanda ndege na kuwafikia ninyi, mnaacha kinachotumaliza sisi. Anayetaka leo kufuatilia bakteria sugu Bunia anarithi lawama hiyo. Na bakteria sugu nao hupanda ndege, ndiyo maana fedha za kuwafuatilia zinapatikana. Inatupasa kuwa wakweli juu ya hilo pia. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2022 yalisema kwamba usugu uliua moja kwa moja watu milioni 1.27 duniani mwaka 2019, na mzigo mzito zaidi kwa kila watu laki moja ulikuwa Afrika kusini mwa Sahara, ambako pia ndiko hesabu zilikuwa chache kuliko zote. Sehemu kubwa ya vifo vyetu katika makadirio hayo imekokotolewa na mashine. Haikusomwa katika madaftari yetu.

Wapo watakaosema kwamba siku za mtu zimehesabiwa na Mungu, na kuzihesabu tena ni kumwingilia. Hoja hii sidhani kama inahitaji muda mrefu. Khalifa Umar alipokuwa njiani kwenda Shamu akasikia habari za tauni, iliyokuja kuitwa tauni ya Amwas, aliamua kurudi. Abu Ubayda, jemadari wake huko, akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu, na Umar akamjibu kwamba aendako pia ni katika kadari ileile. Wakristo wa Ituri, waliojenga hospitali kabla ya kujenga mambo mengine mengi, walikwisha kulijibu kwa matendo. Anayekubali antibiotiki hawezi kukataa kujua kama inafanya kazi kwa kisingizio cha imani.

Pingamizi la fedha ni gumu zaidi. Chupa za kuoteshea damu hununuliwa, huisha muda wake, huhitaji fundi anayelipwa. Na je, fedha hizo zisingenunua dawa? Nakubali sehemu ya hoja hii. Kituo kidogo cha afya hakina sababu ya kuwa na maabara ya bakteria, na anayedai kila zahanati ioteshe damu hajawahi kuona zahanati. Maabara moja imara ya mji, yenye betri au paneli za jua za kulinda kabati lake, inayopokea chupa kutoka wodi chache za wagonjwa mahututi na za watoto wachanga, ingetosha kujua nini kinatembea Bunia. Lakini wazo kwamba kutopima kunaokoa fedha nalikataa. Katika Kongo ni familia inayolipia dawa, kichupa kwa kichupa. Mbuzi anauzwa, kiwanja kinawekwa rehani, na wapo wanaozuiliwa hospitalini mpaka deni liishe. Familia inayonunua seftriaksoni ya siku saba dhidi ya bakteria asiyeisikia imeuziwa kitu ambacho muuzaji hakutaka kujua kama kina nguvu. Mithali zinalaani mizani ya udanganyifu. Na mizani ambayo mwenye duka hataki kuikagua haiko mbali nayo. Tena kisa cha Daudi kinaishia kwenye bei. Tauni inakomea kwenye uwanja wa kupuria nafaka wa Arauna Myebusi, ambaye yuko tayari kumpa mfalme uwanja na ng'ombe bure. Daudi anakataa, analipa shekeli hamsini za fedha, kwa sababu hataki kumtolea Mungu sadaka isiyomgharimu. Mfalme aliyehesabu watu kwa gharama yao anajifunza hatimaye kutoa kwa gharama yake.

Kuna pia hofu ya aibu, na wakubwa wa hospitali huitaja kwa sauti ndogo. Hesabu itaonyesha kwamba bakteria hawa hawakuja na mgonjwa, wamemkuta humohumo wodini. Watu watakimbilia kwa waganga na kwenye vyumba vya maombi. Historia inajibu vizuri hapa. Mwaka 1846, katika hospitali kuu ya Vienna, wodi ya uzazi iliyohudumiwa na madaktari na wanafunzi wao ilipoteza zaidi ya akina mama 11 kwa mia, na ile ya wakunga haikufika 3 kwa mia. Daktari Ignaz Semmelweis alipozifanyia kazi namba hizo, akawaamuru madaktari mwaka 1847 wanawe mikono kwa maji ya klorini, vifo vikaporomoka. Lakini jambo linalonigusa zaidi ni kwamba wanawake wa Vienna walijua kabla yake. Walisihi wasiingizwe wodi ya kwanza. Mtaa huhesabu daima, kwa kumbukumbu ya misiba, na wodi inayoua ina sifa yake sokoni hata kama haina namba ofisini. Anayeficha daftari hamfichi mwananchi kitu. Anamnyima muuguzi njia ya kujua ni sinki lipi, ni mpira upi, ni zamu ipi.

Sasa sharti nililolitaja. Tangu 2015 Shirika la Afya Duniani lina mfumo wa kukusanya takwimu za usugu kutoka nchi mbalimbali, na tangu 2017 limezipanga antibiotiki katika makundi matatu: za kutumika kwa kawaida, za kuangaliwa, na za akiba. Kongo yenyewe ina kazi ya kujivunia. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Tiba (INRB) ya Kinshasa, kwa ushirikiano na Taasisi ya Tiba ya Nchi za Joto ya Antwerp, imekuwa ikiotesha damu za wagonjwa kwa miaka mingi, hasa katika hospitali ya Kisantu, Kongo ya Kati. Kutokana na kazi hiyo, mwaka 2019 kulielezwa ukoo wa Salmonella Typhimurium unaozishinda dawa za zamani zote za kawaida, pamoja na seftriaksoni na azitromisini. Dunia nzima imejifunza kutoka kwa watoto wa Kongo. Haki inataka kwamba muuguzi wa zamu ya usiku ajifunze wa kwanza. Namba iliyotoka wodini ikaenda Kinshasa, Antwerp na Geneva, ikachapishwa, ikapandisha vyeo, na haijarudi kama karatasi moja ukutani juu ya meza ya wauguzi, yenye majina ya bakteria watatu au wanne na dawa zinazowaweza mwaka huu katika jengo hili, hiyo ni sensa ya Daudi hata kama imefanywa kwa wema. Na karatasi hiyo, pamoja na daftari linaloilisha, haina haja ya kabila. Umri, wodi, tarehe, bakteria, dawa. Ituri ina sababu za kutosha za kutoandika zaidi ya hapo.

Linabaki jambo moja ambalo miongozo hailigusi. Jibu limetoka siku ya nne: Klebsiella, sugu kwa dawa zote mbili alizopewa mtoto. Mtoto amezikwa siku ya tatu. Mama aambiwe? Desturi ni kunyamaza, na kunyamaza huko huitwa huruma. Nadhani aambiwe, kwa lugha yake, na mtu aliyekuwepo, si kwa barua. Yeye ndiye aliyelipia dawa ile. Huenda nyumbani analaumiwa kwa kuchelewa kufika hospitalini, au jirani fulani anatuhumiwa uchawi, na tuhuma za namna hiyo huku zimewahi kuua. Jina la bakteria halimrudishii mwana, lakini linamwondolea hatia isiyo yake, na huenda linamwokoa mtu wa tatu asiyehusika. Daktari ataogopa kushtakiwa, au kupigwa na vijana wa mtaa, na hofu hiyo ina msingi. Ndiyo maana kazi ya kumwambia haifai kuachiwa ujasiri wa mtu mmoja: iwe kanuni ya hospitali, ielezwe wakati damu inapochukuliwa, kwamba jibu likitoka litaletwa kwa jamaa, mgonjwa awe hai au amekufa. Kama uongozi hauwezi kutoa ahadi hiyo kwa mama aliyesimama mlangoni, sioni umepata wapi ruhusa ya kuipeleka namba ya mwanawe Kinshasa.